Jua halizami, usingizi hauji: kutafuta chanzo na kukiondoa

Aliyekulia Kigoma, Bukavu au Mombasa amezoea jua linalozama karibu saa ile ile mwaka mzima. Akihamia Oslo, mwishoni mwa Juni anakuta jua linazama karibu saa 4:45 usiku na kuchomoza kabla ya saa 10 alfajiri. Huko Trondheim hata usiku wa manane anga halifiki kuwa jeusi. Na Tromsø, kuanzia karibu 20 Mei hadi karibu 22 Julai, jua halizami kabisa. Mwongozo huu ni wa wanaoishi Norway, Sweden, Finland na kwingineko kaskazini, wanaogaagaa kitandani bila kupata hata lepe la usingizi. Saa zote humu ni za Kiswahili: saa 4 usiku ndiyo 22:00 ya kwenye simu.

Kwanza uelewe kinachoharibika. Ndani ya jicho kuna seli ambazo kazi yake kubwa ni kupima mwanga, si kutambua sura za vitu. Zinaitikia zaidi mwanga wa buluu, wa karibu nanomita 480, ambao umejaa angani. Seli hizi hupeleka habari kwenye saa ya mwili, iliyo ndani ya ubongo, na kila zinapoona mwanga mkali saa hiyo huizuia melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. Kwa kawaida melatonini huanza kupanda takriban saa mbili kabla ya muda wako wa kulala. Kwa hiyo mwanga unaokuharibia si ule wa kitandani tu. Ni ule wa jioni nzima, ukiwa roshani au sebuleni umefungua madirisha, kisha unafunga pazia dakika ile ile unapopanda kitandani na kushangaa kwamba usingizi hauji. Giza linatakiwa litangulie kitanda.

Kabla ya kununua chochote, pima

Nunua kitambaa cha kufunika macho, kile chenye vikombe vilivyobonyea ndani ili kisiguse kope, na kivae usiku tatu mfululizo bila kubadilisha kitu kingine. Usingizi ukirefuka au ukiacha kushtuka alfajiri, chanzo kikubwa ni mwanga wa chumbani, na fedha yako iende kwenye pazia. Usipobadilika, chanzo ni joto, ni saa ya mwili iliyosogea, ni kahawa au ni mawazo, na pazia la bei ghali halitakusaidia.

Kipimo cha pili ni cha mkono. Funga kila kitu kama unavyolala, kaa dakika 10 macho yazoee, kisha nyoosha mkono mbele yako. Ukiweza kuhesabu vidole, chumba bado kina mwanga mwingi. Wataalamu waliochapisha viwango mwaka 2022 walipendekeza mwanga unaofika machoni usizidi luksi 1 wakati wa kulala, usizidi 10 katika saa tatu za kabla ya kulala, na mchana usipungue 250. Hizo ni luksi zilizopimwa kwa jinsi zinavyouamsha mwili, hazilingani moja kwa moja na zile za programu ya simu, na simu nyingi hazipimi vizuri kwenye mwanga hafifu. Tumia simu kupima sebule jioni. Chumba cha kulala kipime kwa mkono.

Dalili: saa 6 usiku bado una nguvu kama za mchana

Hapa mara nyingi kosa liko jioni. Ukitaka kulala saa 5 usiku, basi saa 3 usiku mapazia ya nyumba nzima yafungwe, sebuleni na jikoni pia. Zima taa za dari. Washa taa moja ya mezani iliyo chini ya usawa wa macho, yenye balbu ya njano ya kelvini 2,700 au chini yake. Kama lazima utoke, labda watoto wako uwanjani au umealikwa nyama choma, vaa miwani ya jua na urudi mapema.

Bafuni kunasahaulika. Taa ya kioo cha bafuni huwa nyeupe na kali, nayo inakupiga usoni kwa karibu wakati ule ule unapopiga mswaki kwenda kulala. Piga mswaki saa 3, au uweke balbu dhaifu.

Simu inalaumiwa kupita kiasi. Ikiwa imepunguzwa mwanga, mwanga unaotoka kwake ni mdogo sana ukilinganisha na dirisha lenye jua. Tatizo la simu ni mazungumzo. Saa za Norway na Sweden majira ya joto ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja tu, na za Finland zinalingana kabisa, kwa hiyo nyumbani wakimaliza chakula cha usiku ndipo kundi la ukoo linapochangamka. Habari za msiba, za ada na za kiwanja zikiingia saa 5 usiku hazimwachi mtu asinzie, hata chumba kikiwa giza totoro. Panga muda wa kupiga nyumbani uwe saa 12 jioni, na waambie ndugu kwamba baada ya saa 3 usiku ni dharura tu.

Kahawa: nusu ya kafeini bado iko mwilini baada ya takriban saa tano, na kwa wengine hata saa saba. Kazini huku kahawa haikauki, na kikombe cha saa 10 jioni bado kinafanya kazi saa 3 usiku. Kikombe cha mwisho kiwe kabla ya saa 7 mchana. Chai ya rangi iliyokolea nayo ihesabu.

Dalili: unalala vizuri, lakini saa 9 au 10 alfajiri macho yamefumbuka

Hii ndiyo dalili ya pazia. Kuna jambo moja linalowachanganya wageni: wanachagua chumba chenye dirisha la kaskazini wakidhani kitakuwa na kivuli. Katika Juni, Oslo, jua linachomoza kaskazini-mashariki, karibu zaidi na kaskazini kuliko mashariki. Tromsø jua la usiku linakaa kaskazini kabisa karibu saa 6:45 usiku, likiwa nyuzi 3 tu juu ya upeo wa macho siku ya solistisi, yaani siku ya Juni ambayo jua hufika juu kuliko siku zote za mwaka. Mwanga wake unaingia karibu ulalo, unavuka chumba na kugonga ukuta wa pili juu ya kitanda chako. Kama una hiari ya kuchagua chumba, chagua cha kusini, kisha pambana na joto la mchana.

Dukani Norway uliza *mørkleggingsgardin*, Sweden *mörkläggningsgardin*, Finland *pimennysverho*. Rangi ya kitambaa si hoja. Kinachozuia mwanga ni tabaka lililopakwa nyuma. Washa tochi ya simu, igusishe nyuma ya kitambaa, utazame mbele: ukiona nukta ya mwanga, kirudishe. Upande wa nyuma ulio mweupe ndio mzuri, kwa kuwa unarudisha jua nje na kupunguza joto.

Kitambaa kizuri kikining'inizwa vibaya ni kazi bure, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Fanya hivi:

1. Pima upana wa fremu, siyo wa kioo, kisha ongeza sentimita 20 kila upande. Juu ongeza 15. Chini pazia lifike sakafuni, au lipite fremu kwa sentimita 15.
2. Bomba la pazia likae karibu na dari. Mwanga wa juu ndio unaosahaulika: unapenya juu ya bomba, unagonga dari nyeupe, na dari inausambaza chumba kizima. Ukibaki mwanya, laza taulo jeusi lililokunjwa juu ya bomba, au funga ubao mwembamba.
3. Kingo za pembeni zishikane na ukuta. Bandika velkro ukutani na kwenye pazia, kipande cha sentimita 5 kila baada ya sentimita 30.
4. Mapazia mawili yanapokutana katikati yapandane sentimita 10, yabanwe kwa vibanio vya nguo.
5. Ukitumia rola, yaani pazia linalojikunja kwenye bomba, ifunge nje ya fremu. Rola ya ndani ya fremu huacha upenyo wa sentimita 1 hadi 2 kila upande kwa sababu ya mitambo yake, na upenyo huo ukipigwa na jua la alfajiri unatosha kukuamsha. Rola ya ndani pamoja na pazia la nje ndiyo suluhisho bora kuliko yote.

Kwa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta, kata boksi gumu kwa vipimo vya ndani ya fremu, libandike foili upande unaotazama nje, ulisukume liingie kwa kubana. Liache mbali kidogo na kioo. Usibandike foili moja kwa moja kwenye kioo cha matabaka mawili au matatu kinachopigwa na jua: kioo kinapata joto sehemu moja kuliko nyingine na kinaweza kupasuka, na atakayelipa ni wewe. Pia usipigilie misumari dirisha ambalo ndilo njia ya kutokea moto ukitokea. Lizibwe kwa kitu kinachong'oka kwa mkono mmoja.

Ukishamaliza, zima taa ukae ndani mchana wa jua kali. Mianya yote itajionyesha. Mwanga wa chini ya mlango zibia kwa taulo, na taa ndogo za chaja na runinga zibandikie selotepu nyeusi.

Ukiamka saa 10 alfajiri licha ya hayo yote, usifungue pazia uone hali ya hewa. Dakika hizo mbili dirishani zinauambia mwili kwamba kumekucha.

Dalili: chumba ni giza, hakuna joto, lakini usingizi unakuja saa 8 usiku

Saa ya mwili imesogea mbele. Hutokea baada ya wiki mbili tatu za kukesha nje, au likizo ya shule ikianza na kila mtu akaacha kuweka kengele. Watu hujaribu kuirudisha kwa kulala mapema, na hawafanikiwi, kwa sababu mwili hauwezi kulazimishwa kulala. Unachoweza kukishika ni saa ya kuamka.

Ila kuna mtego. Kila usiku joto la ndani ya mwili hushuka hadi kiwango chake cha chini kabisa, takriban saa mbili hadi tatu kabla ya muda uliouzoea wa kuamka. Mwanga unaoupata baada ya hapo unaivuta saa yako nyuma, uanze kulala mapema. Mwanga unaoupata kabla ya hapo unafanya kinyume, unakuchelewesha zaidi. Chukua mtu anayelala saa 8 usiku na kuamka saa 4 asubuhi. Kiwango chake cha chini kiko karibu saa 1 hadi 2 asubuhi. Akikurupuka saa 11 alfajiri akaenda kukimbia juani akidhani anajitibu, anajisukumia kwenye kuchelewa zaidi. Huyu abaki gizani hadi saa 3:30 asubuhi, kisha atoke nje mara moja, dakika 30, bila miwani ya jua. Baada ya siku mbili, kengele iwe saa 3:00. Siku mbili nyingine, 2:30. Aendelee hivyo hivyo hadi afike anapotaka, na mapazia ya jioni yafungwe mapema kwa kiasi kile kile. Jumamosi na Jumapili zimo. Ukilala hadi saa 6 mchana wikendi moja, unarudi ulikotoka.

Kulala mchana katika kipindi hiki kusizidi dakika 20, na kusipite saa 9 alasiri.

Dalili: unaamka umelowa jasho

Nyumba za kaskazini zimejengwa kuhifadhi joto, nyingi hazina kiyoyozi, na jua linalokaa angani saa 19 linazipasha kutwa. Mwili unahitaji kupoa ndipo ulale. Chumba cha nyuzi 16 hadi 19 kinafaa. Kikifika 25 utaamka mara kwa mara hata kama ulizaliwa Tanga.

Asubuhi funga madirisha na mapazia ya upande wa jua, uyaache hivyo kutwa. Usiku, hewa ya nje ikiwa baridi kuliko ya ndani, fungua madirisha ya pande mbili za nyumba upepo upite. Kuna ugomvi hapa kati ya hewa na giza, maana upepo unapeperusha pazia na kuingiza mwanga. Shona sarafu au vipande vya mnyororo kwenye upindo wa chini, na dirisha uliache wazi kidogo tu. Kama haiwezekani, poza chumba kwa saa moja kabla ya kulala, kisha ufunge na kuwasha feni.

Ondoa duveti nene la majira ya baridi. Shuka au kikoi kinatosha. Oga maji ya uvuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala: damu inakuja kwenye ngozi, joto linatoka, na mwili unapoa ndani. Maji ya baridi kali humchangamsha mtu.

Mbu wa kaskazini ni wengi mno Juni na Julai, hasa karibu na misitu na maziwa. Hawaenezi malaria, lakini mlio wao unakatisha usingizi. Wavu wa dirishani ubandikwe kwenye fremu kwa velkro, pazia lije juu yake. Hata chandarua cha kitanda kutoka nyumbani kinafaa.

Neno la tahadhari: jasho la usiku lenye homa, kwa mtu aliyerudi karibuni kutoka Tanzania, Kongo, Uganda au Burundi, lisidhaniwe kuwa ni joto la nyumba. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, uwaambie ulikotoka, na uombe kipimo cha malaria.

Dalili: ndege wanakuamsha

Huanza kuimba saa 8 au 9 usiku. Vizibo vya sponji vinafanya kazi vikivaliwa sawasawa: kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, ukishikilie nusu dakika kitanuke.

Mtoto anasema "bado mchana"

Anaamini anachokiona, na macho yake yanapitisha mwanga mwingi kuliko ya mtu mzima, kwa hiyo jioni yenye mwanga inamwathiri zaidi. Kubishana naye hakusaidii. Mpangilio ndio unaosaidia: chakula, kuoga, mapazia kufungwa, hadithi, kulala, kwa utaratibu ule ule kila siku, na mapazia yafungwe saa nzima kabla ya kitanda. Mtoto wa kuanzia miaka mitatu mwachie yeye mwenyewe afunge pazia la chumba chake. Akilia hataki giza totoro, weka taa ndogo nyekundu au ya machungwa chini kabisa karibu na sakafu. Kitanda chake kisiwe chini ya dirisha, na kamba za rola zifungwe juu asizifikie, kwa kuwa zinaweza kumnyonga.

Zamu za usiku, na alfajiri ya wanaosali

Ukitoka zamu saa 1 asubuhi, vaa miwani myeusi tangu mlangoni mwa kazi hadi nyumbani, isipokuwa kama unaendesha gari na kope ni nzito. Ukiwa na usingizi wa namna hiyo, panda basi. Nyumbani chumba kiwe kimeshatiwa giza kabla hujatoka kazini. Usipitie sebuleni kufungua madirisha.

Kwa Waislamu, nyakati za Isha na Alfajiri majira haya hukaribiana, na kaskazini zaidi hupangwa kwa ratiba maalumu. Fuata ratiba ya msikiti wako. Usingizi ukigawanyika, upange hivyo makusudi: amkia taa hafifu ya njano, tawadha bila kuwasha taa ya kioo, sali pazia likiwa limefungwa, urudi kitandani. Kinachopungua kifidie kwa kailula ya dakika 20 hadi 30 baada ya Adhuhuri.

Melatonini ya dukani

Inasaidia ikimezwa kwa wakati wake. Ya kusaidia kusinzia humezwa saa moja hadi mbili kabla ya kulala. Kuimeza kisha kukaa roshani kwenye jua ni kuitupa. Miligramu 1 mara nyingi inatosha, na kuongeza dozi hakuongezi usingizi kwa kiwango hicho hicho. Sheria zinatofautiana: Marekani huuzwa kama kirutubisho, Uingereza huandikwa na daktari. Mjamzito, mwenye kifafa, anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au fluvoksamini (dawa ya sonona), na mtoto, wasiitumie bila kumuuliza daktari.

Wakati wa kwenda kwa daktari

Ukikaa kitandani macho makavu kwa kadiri ya dakika 20, ondoka, kaa kwenye kiti gizani, rudi usingizi ukija. Hili likiendelea usiku tatu au zaidi kila wiki kwa miezi mitatu, ni ugonjwa wa kukosa usingizi unaohitaji tiba, na tiba inayopendekezwa kwanza ni mafunzo ya kubadilisha mazoea na mawazo ya kulala. Vidonge vinakuja baadaye.

Nenda mapema zaidi ukikoroma hadi kupaliwa na kusinzia mchana, hata usukani. Na kuna dalili moja ambayo familia ndiyo huiona kwanza: mtu analala kwa saa mbili tatu tu, hachoki, anaongea haraka, anatumia fedha ovyo, ana mipango mikubwa isiyokoma. Mwanga mwingi na kukosa usingizi vinaweza kuamsha hali hii kwa mtu mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka. Huyo asingoje pazia. Mpeleke siku hiyo.

Unapoweka miadi, andika kwa wiki mbili saa ya kulala, ya kuamka, vikombe vya kahawa na nyuzi za chumba, uende na karatasi hiyo. Omba mkalimani wa Kiswahili siku ile ile unapopiga simu, useme kama Kiswahili chako ni cha Kongo au cha pwani, na usimtumie mtoto wako kutafsiri.